Bati, mvuke na milimita 19

Hewa yote iliyomo ndani ya boksi la Fiat Ducato ya urefu wa kati, mita za ujazo 11 na nusu, ikiwa na joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba maji zaidi ya gramu 200 hivi. Hata glasi haijai. Watu wawili waliolala humo, kwa kupumua na kutoka jasho tu, hutoa gramu 80 hivi kila saa. Fungeni milango saa nne usiku, zibeni kila tundu, na kabla ya saa saba hewa imeshiba. Kuanzia hapo kila tone linaloongezeka linatafuta pa kutua, na hutua penye baridi kuliko pote. Ndani ya gari, hapo ni kwenye bati.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoanza nayo kila ninapoulizwa habari za magari ya mizigo yanayogeuzwa kuwa ya kulala. Huko Ulaya kazi hii imeshika kasi, na wanaoifanya kwa mikono yao wenyewe hubishana zaidi juu ya unene: huyu kaweka sentimita tano za kuzuia baridi, yule saba, mwingine anajuta hakuweka kumi. Kwa maoni yangu wanabishania kisicho kikubwa. Baridi humkera mtu, naye akivaa sweta amemalizana nayo. Maji hula gari lenyewe, tena hulila mahali pasipoonekana.

Gari ninalolichambua ni la shemeji yangu anayeishi Hamburg. Ni Ducato iliyotumika, ndugu wa Peugeot Boxer na Citroën Jumper, maana zote tatu ni gari moja lenye nembo tofauti. Wajerumani, Wafaransa na Waitaliano wanaotengeneza magari ya kulala huipenda kwa sababu moja ya wazi: kuta zake zimesimama karibu wima, na upana wa ndani unafika mita 1.87. Mtu wa kimo cha kawaida anaweza kulala kwa kukingama, kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule, na kwa hiyo kitanda hakili urefu wa gari. Lakini kila sentimita utakayoongeza ukutani unaikata kwenye kitanda, tena mara mbili. Weka sentimita tano kila upande, ongeza ubao, na shemeji mwenye mita 1.80 analala amekunja magoti. Kwa hiyo kwenye gari hili unene una bei yake, na inafaa kuuliza unanunua nini.

Kabla ya kuweka kipya ilibidi kung'oa cha zamani, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alikuwa ameshaligeuza. Alipanga pamba ya kioo, ile ya njano inayowasha ngozi, akaifunika kwa foili ya alumini yenye mapovu ya plastiki, akaibana foili kwa skrubu, kisha akafunga plaiwudi juu yake. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Ubao wa nyuma ya kitanda ulipotolewa, pamba ilikuwa imeporomoka yote hadi nusu ya chini ya ukuta, na bati la juu liko uchi. Pale ilipojikusanya ukiikamua maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nyuma yake rangi nyeupe ya kiwandani ilikuwa imefura vipele, na ukikwaruza kipele kimoja kwa ukucha unakutana na unga wa kutu wenye rangi ya tofali. Skrubu zile zilikuwa zinang'aa upande wa chumbani na zimeliwa na kutu upande wa bati.

Skrubu hizo zinaeleza kilichotokea. Foili ile iliwekwa ili izuie mvuke usifike kwenye pamba, na ingeweza, kama isingetobolewa. Mafundi wa nyumba katika nchi za baridi hutandika plastiki upande wa ndani wa ukuta kwa kusudi hilohilo na hufanikiwa, kwa sababu ukuta wa nyumba ni bapa, hautikisiki, na matundu yake yanahesabika. Ukuta wa gari una mbavu, mikunjo, waya, taa, na unatikisika kila siku. Kila skrubu ni mlango. Mvuke hupita hapo, huvuka pamba ambayo haiuzuii hata kidogo, hulifikia bati lililo karibu nyuzi 0, na hapo hugeuka maji. Pamba ikishalowa inakuwa nzito, inashuka, na maji yaliyoingia kama mvuke hayana njia ya kutoka.

Foili yenyewe ina kosa jingine ambalo wengi hawalijui. Karatasi inayong'aa hurudisha joto la mionzi pale tu inapotazamana na nafasi ya hewa. Ikibanwa katikati ya pamba na ubao haina mionzi ya kurudisha. Joto linapita kwa kugusana, na kinachobaki ni plastiki ya unene wa milimita nne uliyoilipia bei ya vitu vya anga.

Shemeji aliweka nini badala yake? Mpira wa sponji mweusi wenye vitundu vidogo visivyounganika, mabamba ya milimita 19 yenye gundi mgongoni. Jina la biashara linalotajwa sana Ujerumani ni Armaflex, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji jina. Ameshauona. Ni ule mpira mweusi ambao fundi AC huuvisha kwenye bomba la shaba kabla ya kulipitisha ukutani. Unavishwa ili bomba la baridi lisikutane na hewa ya joto yenye unyevu na kutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ukutani mwa gari kazi yake haibadiliki, ila baridi sasa inatoka nje na unyevu unatoka kwenye mapafu ya waliolala.

Uzuri wake mkubwa hauko kwenye kuzuia joto. Kwa kipimo hicho uko pamoja na wenzake: upitishaji wake ni 0.033 hivi, sufu ya kondoo na pamba ya kioo ziko jirani kidogo juu ya hapo, na mabamba magumu ya poliurethani yanayowekwa kwenye paa za majengo yanaushinda kwa 0.022. Uzuri wake ni kwamba vitundu vimefungwa, mvuke hauwezi kupenya, na ukibandikwa bila nafasi juu ya bati hakuna hewa ya chumbani inayolifikia bati hilo. Kizuia joto na kizuia mvuke ni kitu kimoja. Huhitaji plastiki ya kutandika, na skrubu ya ubao haitoboi chochote cha maana kama ubao umefungwa kwenye miti na si kupitia mpira. Mabamba magumu, pamoja na ubora wao, yanataka ukuta bapa. Kwenye ukuta uliopinda yanaacha uwazi nyuma, na uwazi huo ndio maskani ya maji. Yale ya polistirini, tena, hulia. Yakisuguana na bati barabarani yanatoa mlio ambao baada ya kilomita mia utakufanya usimamishe gari.

Sufu ya kondoo ina wapenzi wengi, na sitawabeza. Inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kisha ikauachia hewa ikikauka. Kwa mtu anayesafiri kiangazi na kufungua milango mchana kutwa inafaa kabisa. Kwa anayelala Hamburg mwezi wa Januari, gari limesimama wiki nzima na nje mvua ya baridi, huo wakati wa kukauka haufiki.

Kazi ya kubandika ina taratibu zake, na hapa ndipo nilipomheshimu shemeji, maana si fundi. Alikata kwanza matundu ya dirisha na feni ya paa, akapaka kingo zote rangi ya kuzuia kutu, maana bati lililokatwa limepoteza ngozi yake. Akapitisha waya zote ndani ya mabomba ya plastiki. Akasafisha kila eneo kwa spiriti mpaka kitambaa kikarudi cheupe, kwa sababu gari la kazi huwa na mafuta yasiyoonekana na gundi haishiki mafuta. Kila kipande alikikata kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, akakibandika kuanzia katikati, kisha akasukuma kingo zibanane na za jirani. Mpira huu hauvutwi. Ukivutwa ili ufike, utakaa hivyo siku ya kwanza, halafu taratibu utajirudi na kuacha ufa kwenye kiungo, na ufa wa upana wa kisu unatosha kuirudisha hadithi ya pamba.

Sakafu aliipa mabamba magumu ya polistirini iliyobanwa, milimita 20, na plaiwudi juu yake. Pale panabeba uzito na pako bapa, basi hakuna la kuzungumza.

Turudi kwenye unene. Chukulia nje ni nyuzi 0, ndani nyuzi 20, na kuta, paa, sakafu na mlango wa nyuma kwa pamoja ni mita za mraba 27. Bati tupu, ambalo kinga yake pekee ni utando wa hewa tulivu ulioligusa pande mbili, linapoteza wati 5.9 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Zidisha, unapata kama wati 3,200. Hita ndogo ya dizeli, zile za wati 2,000 zinazofungwa chini ya kiti, haiwezi. Bandika milimita 19 na upotevu unashuka hadi kama wati 720. Ongeza tabaka la pili, milimita 38 kwa jumla, unafika 410. Tabaka la tatu linakupeleka 285. Tabaka la kwanza limeokoa wati 2,500, la pili 310, la tatu 125. Shemeji aliweka tabaka mbili paani na moja kwenye kuta, akakiacha kitanda kirefu. Naona aliamua sawa.

Lakini hesabu hiyo inadhani ukuta wote umefunikwa sawasawa, jambo ambalo si kweli. Gari lina mbavu za chuma, na chuma hupitisha joto mara 1,500 hivi zaidi ya ule mpira. Mbavu zikiachwa wazi, tuseme zina mita mbili za mraba tu kwa jumla, zinapoteza kama wati 235. Ni theluthi ya kile ukuta mzima uliofunikwa kwa tabaka moja unachopoteza. Halafu kuna maji. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo. Uso wa mpira wa milimita 19 upande wa chumbani uko kwenye nyuzi 16 na nusu, salama. Uso wa ubavu ulio wazi uko karibu nyuzi 5. Utalowa kila usiku, na maji yatateremka nyuma ya ubao hadi kwenye kona ya sakafu. Wapo watu walioweka sentimita sita za kifaa bora katikati ya mbavu na kuziacha mbavu zenyewe, wakashangaa kutu imetoka wapi.

Shemeji alizivisha mbavu ukanda wa mpira huohuo wa milimita 6. Nilipopiga hesabu, uso wake unafika nyuzi 12 na nusu, yaani unapita juu ya mstari kwa unywele. Usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri hautapita. Mimi ningeweka milimita 10, ambazo zingeufikisha nyuzi 14 na nusu, na kitanda kingepoteza chini ya sentimita moja kwa jumla. Tulibishana kidogo juu ya hilo. Ndani ya mbavu zenyewe, ambazo ni mabomba matupu, hakujaza kitu. Alipuliza nta ya kuzuia kutu na kuyaacha wazi matundu ya chini ambayo kiwanda kiliyaweka ili maji yatoke. Hapo tulikubaliana. Ukijaza sponji humo unaziba mfereji.

Sasa kioo. Kioo cha mbele na vioo viwili vya milango ya dereva ni kama mita tatu za mraba, navyo vinapitisha joto karibu sawa na bati tupu. Katika usiku uleule vinapoteza wati 340. Umefunika kuta kwa jasho na gharama, umefika 720, na nusu ya kiasi hicho inatokea pale ulipokuwa ukitazama barabara. Wengi hubandika mikeka ya foili ndani ya kioo. Inasaidia joto, ila kioo kilichotengwa na chumba kinakuwa baridi zaidi, mvuke unajipenyeza pembeni mwa mkeka, na asubuhi kuna dimbwi juu ya dashibodi. Kifuniko cha nje, kinachovishwa kioo kama koti, ni bora kwa sababu kinakiacha kioo upande wa joto. Tatizo lake ni kwamba lazima utoke kwenye mvua kukivua. Shemeji ametundika pazia zito kati ya viti vya mbele na chumba na kuiacha kabini iwe na baridi yake.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni tundu. Mtu akishaona gari lake linatunza joto, anaanza kuziba: feni ya paa anaifunga, matundu ya chini anayaziba kwa matambara, kwa hoja kwamba amechoma dizeli na hataki kupasha joto anga la Hamburg. Tupige hesabu yake pia. Kuondoa gramu 80 za mvuke kila saa, kwa hewa ya nje yenye gramu 4 kwa mita ya ujazo na ya ndani yenye gramu 10, unahitaji kubadilisha mita za ujazo 13 au 14 kwa saa. Hewa ya gari zima mara moja na kidogo. Kupasha joto hewa hiyo mpya toka nyuzi 0 hadi 20 kunagharimu wati 90 hivi. Ni robo ya kile kioo kinachopoteza. Kwa wati 90 unanunua bati kavu, na anayezikataa ameuza gari kwa bei ya taa.

Hesabu hiyo haijagusa upishi. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji, yote mvuke, yote ndani ya chumba. Ndiyo maana kujipasha joto kwa jiko la gesi ni kujimwagia maji ukutani, mbali na hatari yake nyingine. Hita ya dizeli inavuta hewa yake nje na kutoa moshi nje, kwa hiyo joto lake ni kavu. Na kwa kuwa kwetu wapo wanaoingiza jiko la mkaa mahali pa kulala, niseme wazi: gari lililovishwa vizuri halina nyufa, na monoksaidi ya kaboni haina harufu. Mkaa humo unaua kabla hujasikia kichwa kuuma.

Je, hesabu hizi zina kazi Afrika Mashariki? Njombe mwezi wa Juni, au Limuru, zina kazi vilevile kwa kiwango cha chini. Kwingine adui ni jua, na mambo yanabadilika. Karibu na ikweta jua la mchana linapiga paa kuliko kuta, nalo laweza kushusha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya hizo kabla hazijawa joto. Rangi nyeusi inazimeza karibu zote. Kwa hiyo mtu anayegeuza Hiace, zile tulizozoea kuziita vipanya, aanze na rangi ya paa, halafu mpira wa tabaka mbili paani, halafu feni. Kuta zinaweza kusubiri. Pwani, ambako hewa ya usiku ina joto, bati haliwi baridi kiasi cha kutoka jasho isipokuwa umefunga kiyoyozi, na ukikifunga umande unahamia upande wa pili: hewa ya joto iko nje, na uso wa baridi uko ndani.

Vifaa vinapatikana. Maduka ya vipuri vya friji na AC yanauza mpira huo kwa mabomba, na mengine kwa mabamba yanayofungwa kwenye mifereji ya hewa baridi ya majengo. Jambo moja la Hiace ambalo Ducato haina: injini iko chini ya viti vya mbele, na joto lake linapanda kupitia kifuniko kilicho miguuni mwa dereva. Mpira huu huvumilia hadi kama nyuzi 110 na si zaidi, na jirani ya bomba la moshi joto linapita hapo kwa mbali. Sehemu hiyo inataka blanketi la nyuzi za kioo lenye alumini upande unaotazama injini, na safari hii foili itakuwa na hewa mbele yake.